Queen pale Wembley: 1985 au 1986?

Kila nikikaa na wapenzi wa roki hapa Zanzibar, alikozaliwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, mwaka 1946, swali huwa hilo hilo: onyesho lipi la Queen kwenye uwanja wa Wembley, London, ni bora?

Kwenye Live Aid, tamasha la hisani la tarehe 13 Julai 1985, Queen walipewa kama dakika 20 tu. Jua la Uingereza lilikuwa bado linawaka, kwa hiyo mbwembwe za taa hazikuwasaidia kitu. Freddie kavaa fulana nyeupe isiyo na mikono, kashika kile kijiti cha maikrofoni kilichokatika nusu. Anakaa kwenye piano, anaanza, na uwanja mzima unaimba naye. Ukifika wimbo wa Radio Ga Ga, itazame mikono: maelfu kwa maelfu inapanda na kupiga makofi kwa pamoja, mpaka nyuma kabisa. Mimi nywele hunisimama hapo, kila mara. Halafu anawaitia sauti peke yake, bila ala, nao wanamwitikia.

Julai 1986 walirudi kwa siku mbili, tarehe 11 na 12, jukwaa kubwa likiwa lao. Hapa kuna koti la manjano, gitaa la Brian May linapata nafasi ya kupumua, na mwishoni Freddie anatoka na taji na joho la kifalme. Ni tamasha kamili, la karibu saa mbili.

Ukiwa na jioni nzima, weka la 1986. Lakini mimi nachagua 1985. Hakuwa na taa wala muda, na bado aliwashika wote.