Uzoefu wangu: programu ya kusahihisha Kiingereza na vielezi vya kukazia

Kwenye steshenari za Mwanga, hapa Kigoma, kinachochapwa kwa Kiingereza zaidi ni barua za maombi ya kazi, nyingi zikienda kwa mashirika yanayohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Programu hii, toleo la bure, nimeipima kwa jambo moja tu: vielezi vya kukazia, yaani maneno kama “very” na “too”. Naipa nyota tatu kati ya tano.

“Very better” inainasa papo hapo na kuleta “much better”. “I like very much this work” inaipanga upya kuwa “I like this work very much”, kwa kuwa Kiingereza hakitaki kielezi kitenganishe kitenzi na yambwa yake. “Very excellent” nayo inapigiwa mstari, na ni sahihi: “excellent” imeshafika kileleni, hukaziwa kwa “absolutely” au huachwa ilivyo.

Nyota mbili nimezizuia kwa sababu ya “too” na “hardly”. Sisi “sana” tunaitumia kwa kila aina ya kukazia, hivyo mtu huandika “Your organisation is too good” akidhani anasifu, kumbe “too” ni kupita kiasi hadi iwe kasoro. Programu inaipitisha, maana sarufi haina kosa. Kilichoharibika ni maana. “I hardly worked for two years” ndiyo mbaya kuliko zote: mwombaji anataka kusema alijituma, mwajiri anasoma kwamba miaka miwili hakufanya kazi ya maana. Sahihi ni “I worked hard”.

Kabla ya kuanza, chagua Kiingereza cha Uingereza kwenye mipangilio. Kule “quite good” mara nyingi ni nzuri kiasi. Marekani huelekea nzuri sana. Kwenye barua ya kumdhamini mtu, “quite” nisingeitumia kabisa.

Andika kwanza sentensi bila kielezi chochote. Ikipwaya, badilisha kivumishi: “exhausted” ina nguvu kuliko “very tired”. Vingine vikariri kwa jozi, kama “highly recommend” na “deeply grateful”. Programu ikikushauri ufute kila “very”, usiitii yote. “Thank you very much” ibaki. Mwisho bonyeza Ctrl+F, tafuta “too”, na kila inapotokea soma “kupita kiasi” mahali pake. Sentensi ikigeuka lawama, weka “very”.