Mafuta ya Alizeti ya Kukamua kwa Sabuni ya Kuogea: Uzoefu Wangu Dodoma

Sabuni ya kuogea tunayotumia nyumbani kwangu hapa Dodoma naitengeneza mwenyewe, na msingi wake ni mafuta ya alizeti yanayokamuliwa kwenye mashine ndogo za huku kwetu. Kwa kuwa wengi huuliza kama mafuta haya yanafaa kwa kazi hiyo, naeleza nilivyoyaona: kwa ngozi yanafaa sana, lakini hayatoshi yakiwa peke yake.

Ubora wake huonekana wakati wa kiangazi, upepo mkavu unapopasua midomo na visigino, kwa sababu sabuni yenye alizeti ya kutosha haiiachi ngozi ikiwa imekakamaa baada ya kuoga. Hata hivyo, sabuni ya alizeti tupu huchelewa kukauka, huyeyuka upesi ikiachwa kwenye maji, na povu lake ni hafifu. Kasoro hiyo ya povu huzidi pale maji yanapokuwa magumu, kama yalivyo maji ya visima vingi vya huku, kwa kuwa kalsiamu na magnesiamu iliyomo hushikana na sabuni na kuacha utando mweupe kwenye beseni. Ndiyo maana huchanganya gramu 400 za alizeti, gramu 300 za mafuta ya nazi kwa ajili ya povu na ugumu, na gramu 300 za mawese ili kipande kidumu. Mawese mekundu ya Kigoma huipa sabuni rangi ya manjano iliyoiva, ambayo mimi naipenda kuliko rangi yoyote ya dukani.

Kwa mchanganyiko huo hutumia gramu 143 za kostiki soda, yaani kemikali kali inayoyageuza mafuta kuwa sabuni, na gramu 286 za maji, na kipimo hiki kinaacha takriban asilimia 5 ya mafuta bila kugeuka sabuni, ili yailainishe ngozi. Naomba msomaji azingatie kwamba kila mafuta yana mahitaji yake: kilo moja ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki ili igeuke yote, ilhali kilo moja ya alizeti huhitaji gramu 134 hivi. Kwa hiyo anayekosa nazi sokoni akaamua kujazia alizeti bila kupunguza kostiki, atapata sabuni inayochoma. Vilevile, lita moja ya mafuta haina uzito wa kilo moja, bali takriban gramu 920, na kwa sababu hiyo sikubaliani kabisa na maelekezo yanayopima kwa chupa na vijiko. Mizani ya kidijitali ya jikoni ni ya lazima.

Kuhusu usalama sina mzaha. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, wala maji hayamiminwi juu ya kostiki, kwani mchanganyiko huchemka ghafla na kuruka. Vaa glavu na miwani, fanyia kazi nje au penye hewa ya kutosha, na watoto wakae mbali. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na alumini huliwa na kostiki huku ikitoa gesi inayoweza kuwaka. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu au ndoo nzito ya plastiki. Kostiki ikikurukia, osha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka.

Kazi iliyobaki ni nyepesi. Mafuta na maji ya kostiki yakipoa hadi nyuzi joto 40 hivi, huyachanganya na kukoroga mpaka yawe mazito kama uji mwepesi na mwiko uache mchirizi juu yake, kisha humimina kwenye boksi lililotandikwa nailoni. Kesho yake mche hukatika vizuri kwa waya mwembamba. Vipande hukaa kwenye kivuli wiki 4 hadi 6, vikiachana ili hewa ipite, na ukavu wa hewa yetu husaidia sana.

Lawama yangu moja ni kwa namna mafuta yanavyouzwa. Madumu angavu yanayopangwa juani kando ya barabara huharibu mafuta, maana alizeti huchacha upesi kwa mwanga na joto, na sabuni iliyotokana nayo huota madoa ya rangi ya chungwa na kutoa harufu mbaya baada ya muda. Niliwahi kuuziwa dumu la namna hiyo, na harufu yake haikufichika hata kwa mchaichai. Sasa hununua palepale mashineni, mafuta yaliyokamuliwa karibuni, nikayaacha yatulie gizani mpaka mashapo yashuke, kisha nikayachuja kwa kitambaa safi. Kwa anayeishi mbali na mashine, ni afadhali mafuta yaliyosafishwa ya dukani, yaliyofungwa vizuri na kuonyesha tarehe, kuliko dumu lililoshinda juani.