TAHADHARI TANGA: Nimeuziwa turbo yangu mwenyewe

Habarini ndugu zangu, hasa mnaoendesha Subaru Forester na gari nyingine za turbo (pampu inayoshindilia hewa kwenye injini) hapa Tanga. Nimekaa na jambo hili wiki mbili naona aibu kulisema, maana nilikuwa najiona mjanja wa magari.

Gari yangu ilianza uvivu. Ukiwa mjini hushtuki, lakini ukitoka Mombo kupanda Soni, ukikanyaga mafuta unasikia fyuuu chini ya boneti, ekzosi inatema moshi mweusi na gari haiendi. Daladala zikanipita. Niliporudi nikaipeleka gereji moja pande za Ngamiani. Jina sitaji, suala liko polisi.

Nilimwamini fundi kwa sababu alisema jambo sahihi: "Bosi wangu, tusibahatishe, tuipime kuvuja upepo." Akatoa boksi la chujio la hewa, akaziba mdomo wa bomba kwa kifuniko cha bomba la maji alichokitoboa na kukitia vali ya tairi ya tyubulesi, akachomeka mashine ya upepo. Halafu akafungua kifuniko cha oili. "Weka mkono hapa." Nikaweka. Upepo unatoka kama feni. Akatikisa kichwa pole pole, kama daktari. "Sili za turbo zimekwisha, upepo unaingia kwenye oili. Ukiendelea hivi unaua injini."

Hapo nikaisha.

Sasa sikilizeni, maana mchezo wenyewe uko hapa. Kwenye bomba lile, kati ya chujio na turbo, kuna vipira vya injini kupumulia, vinatoka kwenye vifuniko vya vali. Ukiziba kule mwanzoni bila kuvifunga vipira hivyo, upepo unapita humo moja kwa moja mpaka ndani ya injini na kutokea mdomo wa oili. Hata gari iliyoshuka melini jana itafanya vivyo hivyo! Turbo haihusiki kabisa. Na ubaya zaidi, presha ile inasukuma sili za oili za injini. Yangu ya nyuma ilikuwa kavu, sasa inavuja.

Akaniambia anayo turbo mtumba ya Japani, 1,200,000, na ufundi 150,000. Nirudi jioni. Niliporudi gari imeshafungwa, na "turbo yangu ya zamani" iko kwenye benchi. Akashika shafti akaitikisa juu chini, ndani nje, inagonga kok kok. Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru, na soda nikamnunulia.

Kesho yake kilima kile kile, fyuuu ile ile.

Fundi wa pili, kijana wa Chumbageni, hakugusa chujio kabisa. Alivua bomba kwenye mdomo wa turbo yenyewe, akaziba hapo. Akaanza na presha ya PSI 5, akasikiliza, ndipo akapandisha polepole mpaka 12. Injini imezimwa, na hakumruhusu mtu kusimama mbele ya kifuniko, maana kikichomoka kinaweza kukutoa jicho. Kwenye PSI 5 kimya. Ilipokaribia 10 akapuliza maji ya sabuni kwenye mpira unaotoka kwenye rejeta ya hewa (inayopoza upepo wa turbo) kwenda mdomo wa injini, upande wa chini usioonekana. Povu likafura kama la kufulia. Ukiushika mpira ule kwa mkono ni mzima. Mpaka ujazwe upepo ndipo ufa unafunguka. Hata kioo cha kuchungulia hakikuuona.

Moshi mweusi nao ukaeleweka. Sensa ya hewa imekwishahesabu upepo ulioingia, kompyuta imemwaga petroli ya upepo ule, kisha nusu ya njia upepo unatoroka. Petroli inabaki nyingi kuliko hewa.

Mpira ni 45,000. Gari ikaruka.

Wakati anafunga akaniita nione turbo, mbona kibati cha namba kimepigwa rangi ya fedha juu yake. Akakikwangua kwa petroli na kitambaa. Mimi mwaka jana bati la kukinga joto lilikuwa linagonga, likafunguliwa, nikakipiga picha kile kibati, sijui hata kwa nini. Tukaweka simu pembeni: namba ile ile, tarakimu kwa tarakimu. Turbo ya Japani ilikuwa yangu. Haikutoka kwenye gari. Iliyokuwa benchini sijui ni ya nani, Mungu ndiye ajuaye imeshalaza wangapi.

Kwa hiyo mkipelekwa kwenye kipimo hiki, simameni hapo. Muulize kaziba wapi. Akisema kwenye chujio, muulize vipira vya kupumulia kavifunga na nini. Mshale wa presha kushuka taratibu si ugonjwa, upepo kidogo hupita kwenye vali na ringi za pistoni. Mnatafuta mahali penye mlio na povu. Turbo nzima hucheza kidogo sana ukiisukuma pembeni, lakini ndani nje haichezi.

Kuna na kuvuta hewa ya wizi, isiyopita kwenye sensa, ambako ni kinyume chake: mipira midogo ya vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) ikipasuka, gari inapanda na kushuka mzunguko ukiwa umesimama tu. Hapo geji ya vakyumu inatosha. Kwetu huku usawa wa bahari, injini nzima ikiwaka bila kukanyagwa husoma inchi 18 hadi 22 za zebaki na mshale umetulia. Wa Lushoto msitishwe mkisoma kama 4 pungufu, huo ni mwinuko tu. Na mtu asipulize kemikali ya kusafishia kabureta kutafuta tundu karibu na turbo ya moto, mtachoma gari.

Kama mwaka huu umebadilishiwa turbo Ngamiani, fungua bati usome namba, kisha nitumie picha inbox. Mpelelezi anataka wengine.

Mimi oili bado inadondoka. Nimeweka trei ya mandazi chini ya gari, mama watoto ameshaiulizia mara mbili.