Nilishusha Golf kwa springi mpya nikaacha shokapu za zamani: uzoefu wangu

Gari langu ni Volkswagen Golf ya kizazi cha tano, ya mwaka 2006, ambayo niliinunua Dar es Salaam ikiwa imetokea Japani. Siku nilipoamua kulishusha lilikuwa limetembea kilomita 118,000, na shokapu zake zilikuwa zilezile za kiwandani. Nilinunua springi za Eibach aina ya Pro-Kit, ambazo kwa gari hili hushusha kimo kwa takriban milimita 30, na hadi mzigo unanifikia nilikuwa nimetumia kama laki saba. Sikuwa nimepanga kununua shokapu, na fundi hakunipa sababu ya kubadili mawazo. Alipozishusha zile za mbele alizifuta vumbi kwa tambara, akazigeuzageuza kwenye mwanga, kisha akaniambia, "Kaka, hizi hazivuji hata tone. Ukinunua mpya unachoma hela." Nilimwamini, na gari likafungwa.

Wiki mbili za mwanzo nilikuwa mtu mwenye furaha. Pengo lililokuwa likionekana kati ya tairi na bodi lilikuwa limezibika, na kwenye kona gari lilikuwa halilali upande kama zamani. Tatizo lilijitokeza niliposafiri kwenda Morogoro na abiria watatu na mizigo yao. Kila lami ilipokuwa na mawimbi, sehemu ya nyuma ilinyanyuka, ikazama, ikanyanyuka tena, na haikutulia mpaka mara ya tatu. Kwenye matuta, hata nilipopita taratibu, nilisikia kishindo kizito cha chini ambacho abiria wa nyuma walikipokea mgongoni. Nilipofunga breki kwa nguvu nyuma ya lori lililosimama ghafla, pua ilizama na kuibuka, na nilihisi wazi kwamba matairi hayakuwa yameishika barabara ipasavyo. Sikupata ajali, lakini tangu siku hiyo niliacha kulichukulia jambo hili kuwa la starehe tu.

Mwezi wa saba shokapu ya nyuma kushoto ilianza kuvuja. Ilipotolewa nilikisukuma chuma chake ndani kwa kiganja. Kilizama bila ukinzani wowote na kikabaki hukohuko. Ile ya kulia ilipanda nusu ya njia, ikaishia hapo. Kumbe kutovuja hakuthibitishi uzima, kwa sababu vali za ndani na mafuta huchakaa taratibu kwa miaka mingi ilhali sili ya nje bado inashikilia.

Nadhani mkanganyiko wetu unaanzia kwenye mazungumzo ya gereji. Gari likilala upande mmoja tunasema shokapu imekufa, wakati kinachobeba uzito na kushikilia kimo ni springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi: springi ikibanwa huhifadhi nguvu, na bila kitu cha kuimaliza nguvu hiyo itaendelea kurusha gari juu na chini. Springi za kushushia huwa ngumu kuliko za kiwandani, na ni lazima ziwe hivyo, kwa kuwa nafasi ya gurudumu kupanda imepungua. Ugumu huo unaidai shokapu kazi ya ziada. Ikiwa springi imeongezeka ugumu kwa asilimia 25, shokapu inahitaji kuongeza udhibiti kwa karibu asilimia 12 ili utulivu ubaki vilevile, na shokapu iliyochoka haiwezi kutoa hata kile kiwango chake cha awali. Pamoja na hayo, gari likiwa limesimama tu, milimita 30 za mwendo wake wa kushuka zimeshaliwa, kwa hiyo tuta ambalo zamani lingemezwa na springi sasa linaifikisha shokapu kwenye ule mpira wa ndani ambao mafundi huuita stopa. Kishindo nilichokuwa nikikisikia kilikuwa hicho.

Kwa awamu ya pili niliagiza shokapu za Bilstein aina ya B8, zote nne. B6 hutengenezwa kwa gari lenye kimo cha kawaida, na B8 ni fupi, kwa ajili ya gari lililoshushwa. Hapa nawasihi wenye Golf ya kizazi hiki wapime kabla ya kulipa, kwa kuwa shokapu za mbele zilitoka kwa unene wa aina mbili: sehemu inayoingia kwenye chuma kinachobeba habu inaweza kuwa na kipenyo cha milimita 50 au 55. Ukikosea, haiingii, au inaingia na kulegea. Mimi nilipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, baada ya kusugua kutu kwa brashi ya waya, nikapata 55.

Safari hii nilimtafuta fundi mwingine aliyezoea magari ya Kijerumani, na tofauti niliiona kwa macho. Kwenye kile chuma cha habu kuna mwanya mwembamba. Alichomeka bapa maalumu, akalizungusha robo mzunguko, mwanya ukapanuka na shokapu ikashuka bila kupigwa nyundo. Aliyetangulia alikuwa ameigonga. Alifunga maunti mpya, yaani vishikizo vya juu vya shokapu, na beringi zake, akaweka bolti mpya pale ambapo kiwanda kinakataza kurudisha za zamani, na zile za bushi, yaani mipira ya kwenye maungio, hakuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Alisubiri hadi liliposhuka na kukanyaga ardhi, kwa sababu bushi ikikazwa wakati vyuma vinavyoshikilia gurudumu, ambavyo mafundi huviita mikono, vinaning'inia, mpira wake hubaki umejisokota muda wote na huchanika mapema.

Baadaye tulipima alaimenti, yaani pembe za magurudumu, na nilijutia kutoifanya mara ya kwanza, maana kingo za ndani za matairi ya nyuma zilikuwa zimelika mpaka zikawa laini kabisa. Taa za mbele nazo zilirekebishwa, kwa kuwa kimo kikibadilika miale nayo huhama.

Sasa nimetembea kilomita 9,000 na shokapu hizi. Gari linanyanyuka mara moja na kutulia. Ni gumu kiasi kwenye barabara mbovu za mtaani, na mama yangu, ambaye huketi mbele, hulitaja jambo hilo kila tunapoingia kwenye changarawe. Lakini kwenye barabara kuu nina imani nalo ambayo sikuwahi kuwa nayo hata lilipokuwa na kimo cha kiwandani.

Gharama haikuwa ndogo. Shokapu zilizidi kidogo milioni mbili na nusu pamoja na usafirishaji na ushuru, na ufundi niliulipia mara mbili, ingawa kazi ya mbele ni ileile, kwani huwezi kubadili springi ya mbele ya Golf bila kuishusha shokapu. Nyuma springi imejitenga na shokapu, hivyo huko angalau mtu anaweza kurudi baadaye bila kufungua kila kitu. Kama shokapu zako ni mpya na unashusha milimita 20 au 25 tu, sioni kosa kuziacha kwa muda. Zikiwa zimevuka kilomita 80,000, ningeahirisha springi zikae kabatini mpaka fedha za shokapu zipatikane.

Jambo moja shokapu mpya hazikulitatua: tukiwa watu watano, bado ninayavuka kwa mshazari matuta marefu, na kuna moja karibu na nyumbani ambalo chesisi huligusa hata hivyo. Hapo ninawaomba abiria wawili washuke.