Vekta ya Rust na vekta ya C++: kosa lionekane lini?

Chukua jaribio dogo katika lugha hizi mbili za programu: vekta (orodha inayoweza kukua) yenye namba tatu. Shika rejeo la namba ya kwanza (kielekezi cha mahali ilipo kwenye kumbukumbu), ongeza ya nne, kisha chapisha ile ya kwanza kupitia rejeo lilelile.

Kwenye Rust hufiki mbali. Kompaila, programu inayotafsiri msimbo kabla haujaendeshwa, inakugomea kwa kosa E0502: vekta imeazimwa kwa kusomwa, basi haibadilishwi hadi mwazimaji amalize. Ujumbe wake unakuonyesha ulipoazima, ulipobadilisha na unapotaka kutumia tena. Wageni hukasirika, mbona msimbo uko sawa tu! Hauko sawa. Nafasi ikijaa, vekta huhamia sehemu nyingine ya kumbukumbu, na rejeo linabaki kama ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

C++ inapitisha yote hayo kimyakimya. Tena jaribio laweza kufaulu leo na kuanguka kesho. Ndiyo maana huendeshwa na `-fsanitize=address`, swichi ya kompaila inayopachika ukaguzi wa kumbukumbu, inayopunguza kasi takriban mara 2 na kukamata tu njia ambazo jaribio limepita.

Ila Rust nayo ina usumbufu wake. Ukiunda kontena lako (aina ya kuhifadhia data, kama vekta), inabidi uthibitishe kwamba matumizi mabaya yanakataliwa. Mfano wa msimbo ndani ya nyaraka, ambao Rust huutumia kama jaribio, ukiwa na alama `compile_fail` hufaulu kompaila inapoukataa, hata kama sababu ni herufi uliyokosea tu. Na kukagua namba ya kosa kunahitaji toleo la nightly, yaani Rust ya majaribio inayotolewa kila usiku. Ndani ya `unsafe`, sehemu ambako kompaila haikagui yote, endesha pia Miri, zana inayokamata matumizi mabaya ya kumbukumbu msimbo unapoendeshwa.

Kontena jipya ningeliandika kwa Rust. Msimbo wa C++ uliokwisha kukomaa ningeuacha, mradi majaribio yake yawe mengi.