Kuboresha ndege ya kivita ya zamani: uliza kwanza itapozwa na nini

Rada mpya imefungwa, skrini za rangi zinang'aa, ndege inasubiri zamu ya kuruka. Jua linachoma, injini inazunguka taratibu. Dakika chache baadaye rada inajizima yenyewe kwa sababu imepata joto kupita kiasi. Kasoro hii haimo kwenye brosha yoyote, na ndiyo inayofanya ndege iliyoboreshwa kwa mamilioni ya dola irudishwe bandani bila kuruka.

Rada inaona umbali gani, inafuata shabaha ngapi kwa mpigo, kofia ya rubani inaonyesha nini: hayo muuzaji atakueleza bila kuulizwa, kwa hiyo hapa nayaacha. Tuongelee joto.

Rada ya AESA, yaani inayoelekeza mawimbi kwa umeme bila kuzungusha antena, ina mamia ya moduli ndogo za kurusha na kupokea mawimbi, na sehemu kubwa ya umeme unaoingia humo hugeuka joto palepale. Hewa ya kupozea vifaa kwa kawaida huvutwa kutoka kwenye kompresa ya injini. Injini ikiwa katika mwendo wa chini, hewa hiyo ni haba. Ndiyo maana mfumo huwa dhaifu zaidi ndege ikiwa imesimama ardhini, wala si ikiwa angani kwenye baridi. Mafundi wa elektroniki hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za ziada hukata maisha ya kifaa karibu nusu. Hata F-35, ndege ya kisasa ya Marekani, imenaswa na jambo hili: mfumo wake wa kupoza ulipangiwa kilowati 14, mahitaji yakapanda hadi karibu 30, ikabidi hewa zaidi ivutwe kutoka injini ya F135, na injini ikawa inachakaa kabla ya wakati.

Hesabu yake fanya mwenyewe, usingoje muuzaji akufanyie. Kipozeo cha PAO, mafuta ya sintetiki yanayozungushwa kwenye mabomba, kikipanda joto nyuzi 10 kinapopita kwenye rada, kuondoa kilowati 5 za joto kunahitaji mtiririko wa takriban lita 17 kwa dakika. Linganisha na uwezo wa pampu wanayokuuzia. Kisha chunguza mabomba ya zamani. Ndege kadhaa za miaka ya 1970 zilitumia kipozeo aina ya Coolanol, ambacho kikikutana na unyevu hutoa utando kama jeli pamoja na alkoholi inayoshika moto. Mabaki yake yasiposafishwa yote kabla ya kujaza PAO, vijia vyembamba vya rada mpya vitaziba.

Kabla ya kupokea ndege ya kwanza, dai jaribio hili: ndege iwe juani kwenye joto la nyuzi 40, injini katika mwendo wa chini, kifuniko cha rubani kimefungwa, na vifaa vyote vimewashwa kwa pamoja kwa dakika 45. Andika joto la kipozeo kinapoingia na kinapotoka, kila dakika 5. Ukiambiwa jaribio lilishafanyika maabara, usikubali. Maabara haina injini inayotoa hewa kidogo ya kupozea.

Kwa kipimo hicho, chaguo langu la kwanza ni F-16 yenye rada ya SABR, yaani AN/APG-83 ya Northrop Grumman, na sifichi upendeleo wangu. Ilibuniwa iingie katika nafasi, umeme na upozaji ambao F-16 tayari inao, bila kuipasua ndege. Maboresho ya F-16V huja na kompyuta mpya ya misheni, mtandao wa data wenye kasi na skrini kubwa katikati ya magoti ya rubani. Mtandao huo una maana kubwa, kwa sababu njia ya zamani ya data kati ya vifaa, MIL-STD-1553, hupitisha megabiti 1 tu kwa sekunde. Taiwan ilikuwa mteja wa kwanza, ikaboresha F-16A/B takriban 140. Bodi ikiimarishwa, maisha ya F-16 yanaweza kufika saa 12,000 badala ya 8,000.

Ya pili ni F/A-18 Hornet za zamani zikifungwa APG-79(V)4 ya Raytheon, rada ambayo kikosi cha Marine Corps cha Marekani kilizichagulia Hornet zake. Moduli zake ni za galiamu nitridi, ambayo huvumilia joto kuliko galiamu aseniki ya kawaida. Naiweka nyuma kwa sababu ya waya. Ndege nyingi za kizazi hicho zina waya zenye ganda la plastiki aina ya Kapton, na ganda hilo likizeeka hupasuka, cheche zikatembea kutoka waya mmoja hadi mwingine. Fungua paneli, kunja fungu la waya taratibu, tazama nyufa kwa lenzi. Zikionekana, weka gharama ya kubadilisha waya zote kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Ya tatu ni F-5 kwa mtindo wa Brazil, F-5EM yenye rada ya Grifo. Antena yake huzungushwa kwa mota, joto lake si la kutisha. Tatizo ni nafasi: mzinga mmoja kati ya miwili uliondolewa ili vifaa vipate pa kukaa.

MiG-21 zilizoboreshwa ni rahisi kununua. Romania iliziweka kando 2023 na India 2025. Inatosha.

Sasa suala la kujificha dhidi ya rada, ambalo huuzwa kwa maneno matamu. Umbali wa kuonekana hufuata kipeuo cha nne cha ukubwa wa mwangwi, yaani mawimbi ya rada ambayo ndege huyarudisha. Ukipunguza mwangwi kwa nusu, rada iliyokuona kilomita 100 itakuona kilomita 84. Ili iwe kilomita 50, lazima mwangwi ushuke hadi sehemu moja ya kumi na sita. Kinachofaa kulipiwa ni utando mwembamba wa metali kwenye kifuniko cha rubani, maana mawimbi yakiingia humo hugonga kiti na vyombo na kurudi kwa nguvu; kizuizi mbele ya feni ya injini, kama kwenye Super Hornet; na antena isiyozunguka iliyoinamishwa. Rangi ya kufyonza mawimbi iwe ya mwisho: kila paneli ikifunguliwa, maungio yake yanapaswa kuzibwa upya na kuachwa yakauke. Tena, ukining'iniza matangi mawili na makombora manne chini ya mabawa, pesa hiyo imepotea. Boeing ilionyesha F-15 Silent Eagle 2009, ikiwa na nafasi za kuficha silaha ndani, na haikupata mnunuzi.

Bei nazo zinaudhi. Korea Kusini ilimchagua BAE Systems 2012 kuboresha KF-16 zake 134, yaani F-16 za Korea; mvutano wa gharama ukavunja mpango 2014, kazi ikaenda Lockheed Martin, na rada ikabadilika pia. Miaka miwili imeliwa. Wauzaji hukutajia bei ya kifurushi bila mikokoteni ya kupozea ndege ardhini, bila meza za kupimia, bila vipuri vya pampu. Baya zaidi, wanafungia msimbo wa programu, kwa hiyo kila kombora jipya unaloliongeza unalipia upya kwao. Uturuki ilichoshwa na hali hiyo, ikaanzisha mpango wake wa ndani wa maboresho, Özgür, kwa F-16 zake, na 2024 ikatangaza kuachana na vifurushi 79 vya maboresho kutoka Marekani.

Kwa hiyo kwenye mkataba andika kwa herufi: vipimo vya mtiririko wa kipozeo, jaribio la dakika 45, haki ya kuunganisha silaha zako mwenyewe, pampu mbili za akiba kwa kila ndege nne, na malipo ya mwisho yasitoke mpaka ndege ya kwanza ipite jaribio ikiwa kwenye kituo chako, chini ya jua lako.