Magofu ya Gede: chukueni kiongozi, ndizi ziacheni nyumbani

Kama una watoto na hujui uwapeleke wapi likizo hii, wapeleke Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi. Fort Jesus sisi watu wa Mombasa twaipenda, lakini ngome ni habari za mizinga na Wareno. Gede ni majumba ya watu: visima, vyumba vya kulala, vyoo. Binti yangu wa darasa la pili alitaka kuona choo cha kila nyumba, na wallahi tulizungushwa.

Kiongozi mtampata mlangoni. Mpatane bei kabla ya kuanza, lakini msimwache. Miti imemea juu ya kuta, na bila mtu wa kukuonyesha utaipita sebule ya tajiri ukidhani ni rundo la mawe. Wetu alianzia kwenye kaburi lenye tarehe, 802 Hijria, yaani 1399 miladia. Mwanangu wa madrasa akatoa hesabu pale pale: "Sasa ni 1447, basi ni miaka 645!" Kiongozi akamuuliza, ya mwezi au ya jua? Hapo ndipo ubishi ulipoanza, wakaenda nao hadi Msikiti Mkubwa.

Kilichowashika zaidi ni majina ya nyumba. James Kirkman, aliyeanza kupachimbua 1948, aliziita kwa vitu alivyovikuta humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Wanangu wakaanza kubashiri yetu ya Kisauni itaitwaje ikichimbuliwa. Nyumba ya Chaja, wakakubaliana.

Mavyaa wangu ni mtu wa Lamu. Nilimchukua kwa kuwa hakutaka kubaki peke yake, kumbe ndiye aliyekuwa na mengi. Alipoona vidaka ukutani na ua wa mbele uliozungukwa na kuta, alimwambia kiongozi, "Mwanangu, nyumba hii naijua. Mgeni huishia hapa, wa ndani ndio wapitao." Kijana alinyamaza akamsikiliza, kisha akamuuliza maswali yeye. Ukiwa na mzee aliyekulia nyumba ya mawe na chokaa, nenda naye. Ila ardhi ina mizizi na mawe, kwa hivyo viatu vya kufunga kwake na kwa watoto, na kigari cha mtoto mchanga msijisumbue nacho.

Mbona mji ulihamwa katika karne ya 17? Hakuna jibu moja. Hutajwa mashambulizi, hutajwa na maji kushuka visimani. Mwache mtoto achungulie kisima kikavu kisha muulize yeye anaonaje. Makumbusho ni madogo, dakika chache tu, lakini msiyaruke: vyombo vya Kichina vilivyofukuliwa kwenye magofu vinaonyesha biashara ilifika wapi. Tangu 2024 Gede imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Sasa kima. Wamezoea watu kupita kiasi, na ndizi mkononi mwa mtoto si yake tena. Msiwalishe, hata mkiona wengine wanawalisha. Sisi tulikula baada ya kutoka.

Karibu na lango kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo, na pupa (kipepeo akiwa bado ndani ya kifuko chake) huuzwa ng'ambo, hivyo msitu unawalipa bila kukatwa. Watoto wangekaa humo hadi jioni. Mavyaa alitaka asali inayouzwa hapo.

Nendeni asubuhi, kabla ya joto, na mafuta ya mbu mjipake nyumbani. Kutoka Mombasa, panda matatu ya Malindi ushuke Gede. Ukiwa na wazee chukua tuktuk kutoka steji. Kwa kurudi, simameni upande wa pili wa barabara mapema, kwa sababu jioni matatu nyingi hupita zimeshajaa kutoka Malindi.